Maji Bila Kibali

Nchi inayosimuliwa hapa si yetu, na yanayotokea huko hayawezi kutokea kwetu. Hili linasemwa mapema ili mtu asije akamwona waziri wake mahali ambapo hayupo. Nchi hiyo inaitwa Jamhuri ya Fanaka. Iko mbali sana, na wenyeji wake ni watu wa ajabu: wanalipa kodi, kisha wanashukuru wakionyeshwa picha ya kilichonunuliwa.

Huko Fanaka palikuwa na sheria nzuri. Miaka ya nyuma, wataalamu wa serikali waliwapaka wanafunzi wa shule moja ya bweni mafuta ya kuongeza akili. Akili haikuongezeka, nywele zikaondoka. Wazazi walilia, magazeti yakaandika, na Bunge likapitisha kwamba utafiti wowote unaogharimiwa na fedha za wananchi usiwadhuru wananchi, wala usimguse mtu ambaye hajaridhia. Kuilinda sheria hiyo ikaundwa Kamati Kuu ya Maadili ya Utafiti, na Profesa Badru Kingwaba akateuliwa kuwa mwenyekiti. Sababu ilisomwa redioni: katika maisha yake yote ya usomi Profesa hakuwahi kufanya utafiti wowote, kwa hiyo hapakuwa na mtu hata mmoja aliyepata kuumizwa naye.

Profesa aliipokea sifa hiyo kwa tabasamu, lakini ilimchoma, na ilimchoma kwa sababu ya Dakta Mwanaidi Shomvi.

Hawa wawili walisoma darasa moja chuoni. Mwaka wa kwanza Badru alikuwa wa kwanza na Mwanaidi wa pili. Mwaka wa pili wakapishana, na tangu hapo hawakupishana tena. Badru angeweza kulisamehe hilo. Kilichomla moyo ni kwamba Mwanaidi mwenyewe hakuwa na habari. Mtu akikushinda huku anakutazama, angalau mnajulikana kuwa mnashindana. Mwanaidi alimshinda huku ameinamia hadubini.

Asubuhi moja Profesa alikuwa mezani anakunywa chai, mkewe Bi Hidaya akisoma gazeti. Ukurasa wa mbele palikuwa na picha ya Mwanaidi, koti lake halijapigwa pasi, akicheka na kina mama wa Bonde la Mikwaju. Chini ya picha iliandikwa kwamba ametengeneza dawa ya kukinga homa ya masika, ile iliyokuwa ikiwazoa watoto wa bonde kila mvua kubwa zilipoanza.

"Baba Sharifa, huyu si ndiye mliyesoma naye?"

"Nilimwonyesha namna ya kuosha vioo vya hadubini."

"Basi ulimwonyesha vizuri," alisema Bi Hidaya, akaendelea kusoma.

Chai ikawa chungu. Profesa aliongeza sukari, akaongeza tena, haikusaidia. Alikwenda kazini akiwa na shauku moja tu, nayo ni kukuta ombi la Mwanaidi mezani kwake. Alilikuta. Dawa ilikuwa imekwisha kupimwa maabara, sasa alitaka kibali cha kuijaribu kwa watoto wa bonde kabla ya masika.

*

Kamati ilikaa katika ukumbi wenye mazulia mazito kiasi kwamba hata ukweli ukianguka chini hausikiki. Upande wa kulia wa Profesa alikaa Kanali mstaafu Mfaume, aliyewakilisha usalama wa taifa katika mambo ya vijidudu. Wajumbe waliobaki kazi yao ilikuwa kuafiki.

"Dakta Shomvi," alianza Profesa, "kamati hii inajali uhai wa kila kiumbe cha Jamhuri. Dawa yako itaua vijidudu vya homa. Je, athari kwa vijidudu hivyo imezingatiwa?"

"Imezingatiwa, Mwenyekiti. Athari ni kwamba vitakufa."

Kanali aliandika, akauliza kama vijidudu hivyo ni vya hapa nchini au vimetoka nje.

"Na wazazi?" alidakia Profesa. "Wataelezwa hatari zote?"

"Moja baada ya nyingine, kwa lugha rahisi, na watapewa siku za kufikiri."

Profesa alitafuta kasoro kama mtu anayetafuta funguo gizani. Kila shimo alilotaka kumtumbukiza, Mwanaidi alikuwa amekwisha kulifukia. Hilo nalo likamwongezea chuki: hata kwenye maadili, uwanja wake yeye, alikuwa akizidiwa nyumbani kwake mwenyewe.

"Kamati inaagiza," alisema mwishowe, "wazazi watoe ridhaa zao mbele ya mkuu wa wilaya, akiwa amevaa sare, na askari wawili wawe mashahidi."

"Hapo sitaweza," alisema Mwanaidi. "Mtu asiyeweza kusema hapana, ndiyo yake si kitu. Mwacheni mama akae barazani kwake. Akikataa, nitamshukuru na kuondoka."

Alilisema bila kupandisha sauti, na wajumbe wawili wakasahau kazi yao wakatikisa kichwa kumkubali. Profesa aliona vile vichwa. Ombi liliahirishwa kwa uchunguzi zaidi, na muda wa uchunguzi huo haukutajwa.

*

Kumzuia Mwanaidi hakukumpa usingizi mtamu kama alivyotarajia. Gazeti likamwandika tena, safari hii kwa kumwonea huruma. Profesa akagundua kwamba haitoshi Mwanaidi apungue, lazima Badru aongezeke. Akavaa suti yake nyeusi, akaenda kumwona Mheshimiwa Tambwe, Waziri wa Sayansi, Maji na Utulivu.

Alimkuta na mawazo. Chemchemi mpya ya bustani ya Ikulu, ile yenye simba wa shaba wanaotema maji juu, ilikuwa ikinywa kuliko ilivyokadiriwa, na maji ya mji hayakutosha tena.

"Profesa," alisema Waziri, "sina tatizo la maji. Nina tatizo la kutojua. Sijui mwananchi wa kawaida anahitaji maji kiasi gani kabla hajaanza kunung'unika. Nikijua kiwango hicho, nitampa hicho hicho, na kinachozidi kitatumika kwa heshima ya taifa. Sayansi inasemaje?"

Sayansi ilikuwa haijasema kitu, lakini Profesa aliisemea. Palepale alibuni Utafiti wa Taifa wa Uvumilivu. Mtaa wa Kibokwa, wenye watu wengi na sauti ndogo, ungefungiwa mabomba. Mtaa wa Mabalozi ungeachiwa maji kama kawaida, ili pawe na cha kulinganisha.

Waziri alisimama akampa mkono. "Kwa nini hatukukujua siku zote hizi?"

Profesa nusura alie. Swali hilo alikuwa amelisubiri tangu mwaka wa pili wa chuo.

Sheria ilikataza mwenyekiti kuamua ombi lake mwenyewe, na Profesa aliheshimu sheria. Siku ya kikao alisogeza kiti chake mpaka mlangoni, miguu ikiwa nje na kichwa ndani, akaongoza mjadala kutoka huko. Mjumbe mmoja alijikaza akauliza habari ya ridhaa.

"Tangazo litatolewa," alisema Profesa. "Anayenyamaza ameridhia."

"Na anayelalamika?"

"Huyo ametupa takwimu."

Wakaafiki. Kikao kilikwisha kabla chai haijapoa.

*

Mabomba ya Kibokwa yalikauka siku ya soko. Wananchi walidhani ni hitilafu, wakangoja, maana walikuwa na mazoea. Watafiti wa Profesa wakasambaa mtaani wamevaa vizibao vya bluu, wakisimama milangoni na kusikiliza. Mtu akiguna, waliandika mguno. Akihema, waliandika pumzi.

Watu walifukua visima vya zamani nyuma ya machinjio, wakanywa walichokipata. Ndipo matumbo yalipoanza. Watoto walitangulia, wakafuata wazee. Mtafiti mmoja, akiwa na chupa yake ya maji kiunoni, alimpigia Profesa simu kuuliza kama anaweza kumpa mtoto funda moja.

"Ukimpa utaharibu matokeo," alijibu Profesa.

Waliokufa waliandikwa kuwa ni washiriki waliojitoa katika utafiti bila kutoa taarifa.

Mmoja wao alikuwa Bi Kazija, muuza vitumbua. Profesa alimjua. Enzi za uanafunzi alipita kwake kila asubuhi, na siku aliyokuwa hana kitu Bi Kazija alimfungia viwili akamwambia asome. Alipopata habari za kifo chake aliagiza gari, akaenda mpaka kona ya Kibokwa, akashusha kioo kidogo. Kitu kilimpanda kifuani, kizito, cha moto, na mkono wake ukashika kitasa cha mlango. Pengine angeshuka. Pengine angesema neno ambalo lingefungua mabomba siku ile ile.

Lakini mbele ya nyumba ya marehemu palikuwa na gari bovu la kubebea mizigo, limejaa mapipa ya maji, na juu yake alisimama Mwanaidi Shomvi. Alikuwa anachota na kugawa, mikono imelowa mpaka viwikoni. Binti wa Bi Kazija alimwegemea begani analia, na Mwanaidi alimshika kwa mkono mmoja huku wa pili ukiendelea kuchota. Bibi mmoja alipokea kikombe chake akasema, "Mungu akuweke, mwanangu."

Kile kilichokuwa kifuani mwa Profesa kikageuka. Uzito ulikuwa ule ule na moto ule ule, ila jina lake sasa lilikuwa jingine. Vitumbua vile alipewa yeye. Msiba ule ulikuwa wake. Ilikuwaje basi hata msibani kwake Mwanaidi akafika kwanza?

Alipandisha kioo. "Kwa nani ameomba ruhusa?" alimwuliza dereva.

*

Mwanaidi alifikishwa mbele ya kamati kwa kosa la kuharibu utafiti wa umma kwa kutoa maji bila kibali. Safari hii ukumbi ulijaa waandishi, na Profesa alikuwa amevaa joho.

"Unakubali kwamba uliwapa washiriki wa utafiti kitu kinachoitwa maji?"

"Nakubali."

"Maji hayo yalikuwa yamepitishwa na kamati hii?"

"Yalikuwa yamechemshwa."

"Sijauliza hivyo."

Kanali Mfaume alikohoa. Yeye, kwa haki yake, alikuwa mtu wa kufuata taratibu, na lilikuwepo jambo lililomtatiza kweli. "Dakta, kabla ya kuwanywesha, ulipata ridhaa yao kwa maandishi?"

"Walinyoosha vikombe, Kanali."

 Kanali aliifunika kalamu yake na kuiweka chini, na siku ile hakuandika tena. Profesa aliona kwamba akichelewa atampoteza hata huyu. Akasoma hukumu haraka haraka: Dakta Mwanaidi Shomvi anafutiwa ruhusa ya kufanya utafiti kwa fedha za wananchi, na dawa yake ya homa ya masika, kwa kuwa ni mali ya taifa, inakabidhiwa Profesa Badru Kingwaba.

Mwanaidi aliuliza jambo moja tu. "Utaianza kabla ya mvua?"

"Nitaianza nitakapoona inafaa."

"Ianze kabla ya mvua, Badru. Nakuomba."

Hakumwita Profesa, na hakumwita kwa dharau. Alimwita kama mtu anayemwomba mwenzake amshikie kitu kizito. Profesa alikuwa amepata dawa ya Mwanaidi na kulifuta jina lake, lakini alitoka ukumbini akiona kama ameshindwa, na hakuweza kujua wapi.

*

Kibali cha dawa kilipita siku hiyo hiyo, bila vijidudu kutajwa. Profesa akaingia Bonde la Mikwaju na msafara, bendera na bendi ya polisi. Wazazi walikusanywa kwenye uwanja wa shule. Alihutubia juu ya ujasiri wa mwanasayansi mzalendo, kisha akanyoosha chupa ya kwanza ya dawa.

Hakuna aliyesimama.

Mwanamke mmoja aliyempakata mtoto, Mama Chausiku, akauliza, "Dakta yuko wapi?"

"Dakta ni mimi."

"Yule wa koti lililokunjamana."

"Hatakuja tena."

Mama Chausiku alizungumza kidogo na wenzake. "Yeye alipokuja alituambia hii dawa inaweza kusaidia na inaweza kudhuru, akatueleza vipi. Wewe umetueleza habari zako. Na alituambia tukitaka kukataa tukatae, hatutaulizwa. Tumekataa, Profesa. Karibu chakula."

Walimpa wali na samaki wa mtoni, wakamhudumia vizuri sana.  Huko kwenye milima ya mashariki wingu la kwanza la masika lilikuwa limesimama, na alijua kwamba likifika, watoto waliokuwa wakimchungulia sahani wangeanza kuzikwa, na gazeti lingemwandika yeye.

Akarudi mjini, akaenda nyumbani kwa Mwanaidi kwa miguu ili gari lake lisionekane. Alimkuta uani anamsuka mama yake nywele.

"Hawataki," alisema Profesa.

"Wana haki."

"Watoto watakufa, Mwanaidi."

Mikono ya Mwanaidi ilisimama. "Mawingu yamefika wapi?"

"Yako milimani."

Mwanaidi alimalizia msuko aliokuwa ameushika, akanawa mikono kwa kata moja ya maji. "Nitakwenda. Atakayekataa ataachwa, na mwanawe akiugua atatibiwa kama wengine. Na kabla sijapanda gari, Kibokwa wafunguliwe mabomba."

"Hilo la Kibokwa ni la Waziri."

"Utafiti ni wako. Mwambie umekwisha."

Profesa alisimama pale uani akiwaza. Wapo watakaosema dhamiri ilimwamka, na ingependeza iwe hivyo. Ukweli ni kwamba aliona picha yake ukurasa wa mbele, na watoto wazima wamemzunguka, akaona hiyo picha haipatikani kwa njia nyingine. Alikwenda kwa Waziri akamtangazia kwamba takwimu zimekomaa: mwananchi wa Fanaka huvumilia mno, na utafiti zaidi utamfundisha asivumilie. Waziri alishtuka, na kabla ya jioni maji yalikuwa yakimwagika Kibokwa. Simba wa Ikulu wakaacha kutema.

Kwa kuwa Mwanaidi alikuwa amefutiwa ruhusa, aliandikwa kwenye msafara kuwa ni mkalimani, ingawa bonde zima lilizungumza lugha moja na Profesa. Alikaa kwenye baraza moja hadi nyingine, akaeleza, akangoja. Wengi walikubali, wachache walikataa, akawashukuru wote. Mama Chausiku alikuwa wa kwanza kumtoa mwanawe. Profesa alisimama kando ameshika sanduku la chupa, na kila mama aliyefungua mlango alitazama nyuma ya Profesa kumtafuta Mwanaidi.

Masika yalikuja na mafuriko yake, na homa ikaja. Ilipita bondeni ikaondoka kama mgeni aliyekuta nyumba imefungwa. Watoto wachache waliugua, wakiwemo wa wale waliokataa, wakalazwa, wakapona.

*

Jamhuri haikuwa na choyo ya heshima. Profesa Badru Kingwaba alipewa nishani ya daraja la kwanza, na hospitali kubwa ikajengwa bondeni kwa jina lake. Aliifungua mwenyewe kwa kukata utepe katika uwanja wa mpira wa mji mkuu, maana barabara ya bondeni ilikuwa mbaya. Mwanaidi hakualikwa. Alikuwa ameajiriwa kwenye hospitali hiyo hiyo kama mkalimani, na hakupata kudai cheo kingine.

Miaka ikapita. Baada ya kustaafu, Profesa alishikwa na hamu ya kuliona jina lake limeandikwa ukutani. Alikodi gari, akamchukua Bi Hidaya, wakaenda. Walipofika bondeni njia ikagawanyika, na dereva akasimama kumwuliza mwanamume aliyekuwa akiziba pancha ya baiskeli chini ya kibanda.

"Ndugu yangu, habari za kazi. Hospitali ya Profesa Kingwaba ni njia ipi?"

Yule mtu alifikiri. "Ya nani?"

"Profesa Badru Kingwaba. Hospitali kubwa, ya ghorofa."

"Hapa hatuna hiyo. Labda wilaya ya pili huko." Kisha akawaza tena. "Ya ghorofa, yenye bati la kijani? Ah, mnataka kwa Mwanaidi. Fuateni hii ya kulia mpaka mtoni." Akachungulia dirishani, akamwona mzee aliyekaa nyuma ameshika kifua, uso umemkauka. "Pole, mzee. Mnampeleka mgonjwa? Msihofu, mkifika tu kwa Mwanaidi atapona."

Dereva aligeuka kungoja amri. Bi Hidaya alitazama nje, mdomo ameuziba kwa ncha ya mtandio.

Profesa alifungua kinywa ili aseme yeye ni nani, akakumbuka kwamba kwa jina hilo wasingefika.

"Haya," alisema. "Twende kwa Mwanaidi."